Mtani Kaburini

Jeneza la Mzee Wigbert Gama lilipofikishwa makaburini, shimo lilikuwa tayari lina mtu.

"Siku hizi hodi haipigwi?" sauti ilitoka chini. "Hapa pameshajaa. Huyo Mngoni wenu mpelekeni mbele, huku amelala Mhehe."

Watu waliokuwa wakilia tangu jana walianza kucheka kabla machozi hayajakauka. Aliyekuwa kaburini ni Severin Kikoti, kinyozi wa pale kijijini Mpitimbi, mtani wa marehemu tangu ujana wao. Kofia yake ya sufu ilichomoza juu ya ukingo wa udongo mwekundu, kisha uso, kisha kidole kikimwelekea mmoja wa wachimbaji.

"Na wewe, hili ni kaburi au mfereji? Mkubwa wa Wangoni mnamlaza humu?"

"Toka huko, mtumwa wetu," mchimbaji akamjibu. "Bwana wako ameshafika."

"Bwana wangu? Babu yake alimkimbia babu yangu mpaka akadondosha ngao. Tunayo mpaka leo, tunaanikia dagaa!"

Katekista alifunga kitabu chake akasubiri. Alizijua taratibu. Wangoni na Wahehe walipigana zamani, wakauana vya kutosha, kisha wakaona heri wawe wanatukanana kwa mapenzi. Tangu hapo Mngoni akifa, Mhehe ana ruhusa msibani kufanya lolote: kumwigiza marehemu, kukalia kiti chake, kujilaza kaburini mwake mpaka wafiwa wamkomboe kwa jogoo au kwa ndoo ya pombe. Asiye na mtani huzikwa kimyakimya, na kimya cha makaburini hakijawahi kumfaa mtu.

Sabina, binti wa marehemu, alicheka pamoja na wengine. Lakini jicho lake lilikuwa linarudi kwenye kidirisha cha kioo cha jeneza. Nyuma ya sikio la baba yake taa ndogo ya kijani ilikuwa bado inawaka.

Baba alikuwa amekufa, hilo halikuwa na ubishi. Moyo wake ulisimama jana mchana akiwa anamenya karanga barazani. Zisizokufa zilikuwa mbegu zake.

*

Hivyo ndivyo watu walivyoziita: mbegu. Sabina, ambaye alikuwa daktari wa ugonjwa wa kutetemeka kwa wilaya nzima, alishaacha kuwasahihisha. Ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini, na dopamini ndiyo inayouambia mkono uende ukaenda, usimame ukasimama. Kwa mgonjwa wa Parkinson seli hizo hufa moja baada ya nyingine bila kuaga. Dawa hudanganya kwa miaka kadhaa, baadaye haidanganyi tena. Kwa hiyo unapandikiza nyingine, kiasi cha punje ya mtama kila upande wa kichwa, unaomba Mungu.

Mbegu mbichi, zile za maabara, nyingi hunyauka, na zinazoshika huchukua miaka mitatu kujifunza kazi. Ndiyo maana Wizara iliamua kwamba mtu aliyevuka miaka sitini na mitano asipewe. Wazee walibakiwa na njia moja tu, mbegu komavu: zilizokwisha kuishi kichwani mwa mtu, akafa, zikavunwa zingali hai. Hizo hazichagui kichwa, na mwezi mmoja hauishi kabla mgonjwa hajafunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Kila aliyepandikizwa huvaa kijaluba nyuma ya sikio, nacho watu wanakiita sikio tu. Kikisikia moyo umesimama, huzipooza mbegu na kuzilisha kwa saa thelathini. Halafu taa inakuwa nyekundu, basi.

Mzee Wigbert alipandikizwa mbegu komavu. Alizipata kwa mwalimu wa kwaya wa Mbinga, mama aliyeitwa Gaudensia, ambaye hawakuwahi kuonana. Mikono ilitulia kabisa. Alirudi shambani, alirudi kwenye bao. Lakini siku moja kanisani, wakati wa wimbo wa Utukufu, mkono wake wa kulia uliinuka wenyewe ukaanza kuongoza kwaya.

Madaktari walikuwa na maelezo. Seli zilizoishi miaka mingi na mazoea fulani huyabeba kidogo, kama sufuria inavyobeba harufu ya samaki. Kijijini walikuwa na maelezo mafupi zaidi.

"Mama Osmunda," Kikoti alimwambia mke wa mzee siku hiyohiyo, "karibu ukewenza. Mwenzio kakaa mkononi."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama Osmunda alicheka pia, ila usiku alipogeuziwa mgongo alikuwa anaiona mikono ya mumewe ikipunga gizani juu ya blanketi, taratibu, kwa ustadi ambao mumewe hakuwa nao. Mzee mwenyewe aliyastahimili yote hayo kwa miaka, kisha akachoka. Mwaka jana aliomba sikio lipokee Neno lake la Mwisho, akasema mbele ya mkewe na bintiye: "Nikifa nizikwe na vyote. Huyu mama wa watu nimemzungusha vya kutosha, naye apumzike."

Sheria iko wazi. Mbegu ni mali ya kichwa zilimo, na Neno la Mwisho ndilo neno.

*

"Haya, mtani," alisema Baba Mdogo Kastory, mdogo wa marehemu, akikaribia ukingo wa kaburi. "Jogoo yupo. Toka tumzike mwenzio."

"Jogoo wenu mwembamba kama Wangoni wenyewe. Sitaki."

"Basi na ndoo ya ulanzi."

"Ulanzi mnautia maji. Nataka kichwa."

Kicheko kikapasuka. Neno hilo walilijua wote. Kila Krismasi, kila ubatizo, kila mechi kwenye runinga ya klabuni, Kikoti alikuwa akimnyooshea kidole Mzee Wigbert: "Ukifa, kichwa hicho changu, mbegu zote!" Na mzee alikuwa akijibu, "Kichukue, mtumwa wangu, hata leo. Ulete na kisu."

"Nataka mbegu," Kikoti alirudia. "Sitoki humu bila mbegu." Akaiinua mikono yake juu ya ukingo, inatetemeka.

Hapo makaburi yote yalilipuka. Hakuna aliyemwigiza Mzee Wigbert vizuri kama Kikoti. Tangu enzi mzee anaumwa, mtani alikuwa akiingia barazani anaburuza miguu, mkono unamcheza, sahani inagonga meza, na mgonjwa mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka. "Ndiye huyohuyo!" mwanamke mmoja alipiga kelele sasa, akijipangusa macho kwa kanga. "Jamani, Mzee Wigbert amefufuka!"

Sabina alikuwa amefungua mdomo acheke. Haukufunga, wala kicheko hakikutoka.

Kikoti alikuwa amegeuka kumjibu yule mwanamke. Mkono wa kushoto ulishika udongo. Wa kulia alikuwa ameusahau ubavuni. Na huo aliousahau ndio uliokuwa ukitetemeka zaidi, kidole gumba kikipitapita juu ya cha shahada kama mtu anayefikicha tumbaku. Mwigizaji hutetemeka akitazamwa. Huyu alikuwa anatetemeka akijisahau.

Mengine yalimjia yote kwa mkupuo, naye hakuyapenda. Sauti ya mtani iliyoshuka mwaka huu, wakasema amepunguza kelele kwa uzee. Uso uliokuwa unatoa mzaha bila kucheka, wakasema amekuwa fundi kweli. Kinyozi kufunga kibanda chake: aliwaambia wateja kwamba vichwa vya Wangoni vimemharibia mashine, nao wakaondoka wanacheka, wakaenda kunyolewa kwingine. Kijiji kizima kilimwona anaumwa na kikampigia makofi.

Alichuchumaa ukingoni, sketi nyeusi ikigusa udongo.

"Mtani," alisema kwa sauti ya chini. "Tangu lini?"

Kikoti alimtazama.

"Mwaka juzi, kipupwe."

"Mbona hukuja kliniki?"

"Nilikuja, Dakta. Nilikaa kwenye benchi pamoja na wenzangu. Ulipotoka ukaniona nilivyo, ukacheka, ukasema, 'Mtani, leo umenifuata mpaka kazini?' Na manesi wakacheka." Akameza mate, na hata kumeza kulimchukua muda. "Nikacheka na mimi. Nikarudi nyumbani."

Sabina alipiga magoti udongoni. "Ungesema tu, mzee wangu. Ungeniita pembeni."

"Ningesema nini? Nikisema naumwa, mnacheka. Nikilia, mtaniambia nimepatia. Hiyo ndiyo kazi niliyojipa hapa kwenu, na nimeifanya vizuri kupita kiasi." Alishusha sauti zaidi. "Miaka yangu imepita ile ya Wizara, unajua. Na kuna asubuhi siwezi kujigeuza kitandani. Nimebaki peke yangu mle ndani. Baba yako alipewa, Sabina. Aliyepewa anawezaje kunyima?"

"Alisema hapana. Nilikuwepo."

"Kwenye sikio alisema hapana. Kwangu alisema kichukue. Na wewe ulikuwepo."

"Alikuwa anatania!"

"Sawa," Kikoti alisema. "Na mimi humu nafanya nini, natania?"

*

Vicheko vilikuwa vimeanza kupungua. Watu wa nyuma walikuwa bado wanaulizana mtani kasema nini. Wa mbele walishasikia, wamenyamaza.

Sabina alisimama akamwendea mama yake, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka kando ya jeneza. Alimweleza kwa maneno machache. Vifaa vya kuvunia vilikuwa kwenye gari. Kazi yenyewe ingechukua muda wa kusali rozari moja, kupitia tundu lilelile la kupandikizia, nyuma ya sikio, bila kovu. Taa ilikuwa ya kijani, ila kabla ya jua kuzama ingebadilika. Kilichopungua ni ushahidi. Sheria ilikuwa na mlango mmoja: mjane akiapa mbele ya sikio kwamba marehemu baadaye alitamka vingine, Neno la Mwisho hubatilika. Mtoto haruhusiwi kuapa, na daktari mvunaji ndiyo kabisa.

"Alitamka, Mama, hata mwaka huu. Mpitimbi nzima ilisikia."

Baba Mdogo Kastory alikuwa amesogea. Alikuwa mtu mpole, lakini sasa shingo yake ilikuwa imesimama mishipa.

"Mwanangu, neno la utani halishikwi. Halijawahi kushikwa. Leo tukilipeleka kwenye sheria, kesho nani atafungua mdomo? Mimi nimemwambia Kikoti mara ngapi nitamuuza? Nimemwambia nitamchoma moto. Mtanifunga?"

"Baba mdogo, yule anaumwa kweli."

"Naona anaumwa! Nina macho!" Sauti ilimkatika. "Lakini kaka yangu aliomba kitu kimoja tu. Mke wangu angekuwa anapungiwa mikono na mtu asiyemjua, ningelielewa ombi lake mapema zaidi. Mnataka mumbebeshe Kikoti yule mama, na juu yake mumbebeshe na Wigbert? Watakuwa wangapi mkononi mle?"

Sabina alijua tu kwamba seli zile zilikuwa hai, na kwamba wote wawili wenye hiari zao, Gaudensia aliyetoa na Wigbert aliyekataa, walikuwa wamekufa. Aliyekuwa hai alikuwa amesimama shimoni. Kwake hilo lilitosha. Kisha akamwangalia mama yake, likaacha kutosha.

Mama Osmunda aliinuka. Aliweka kiganja juu ya kioo, na sikio, likihisi mkono wa shahidi, likaamka. Lilikuwa na sauti ya msichana mwenye adabu nyingi.

"Pole kwa msiba, Mama. Je, marehemu alikubali mbegu zake zitumike kwa mwingine?"

Jogoo alisikika akikwaruza ndani ya tenga.

"Nilimsikia akisema kichukue," alisema Mama Osmunda.

"Asante, Mama. Alisema kwa dhati?"

Kiganja cha Mama kilikuwa bado juu ya kioo, usoni pa mumewe. Alikuwa mwanamke mwaminifu. Wakati wa njaa aliwahi kurudisha gunia la mahindi lililoletwa kwake kimakosa, na watoto wake wana njaa. Sabina aliuona mdomo wake ukijaribu neno, ukiliacha, ukilijaribu tena.

"Mama, nasubiri jibu lako," sikio lilisema.

Mama Osmunda alimgeukia binti yake, akanong'ona kwa hasira ambayo Sabina hakuwahi kuisikia kwake. "Nikisema ndiyo, nimemsaliti huyu, hata hajafukiwa. Nikisema hapana, nimemuua yule. Daktari ni wewe. Mbona unanitwisha mimi?"

"Kwa sababu sheria haini—"

"Usinitajie sheria!" Machozi yalikuwa yanamtiririka, hayapangusi. Akakigeukia kioo tena, akavuta pumzi. Sabina alijua kwamba sasa Mama angesema ndiyo, na kwamba asingeweza tena kukanyaga kaburi hili kuweka maua.

"Mama Osmunda!"

Ilikuwa sauti ya Kikoti, na safari hii ilipaa, ile sauti ya zamani ya kinyozi anayeita wateja ng'ambo ya barabara. Haijulikani aliitoa wapi.

"We mama, na uzee wote huo hujajifunza? Natania!"

Katekista aliteremsha kitabu chake.

"Natania, jamani! Mhehe mzima niweke kichwani mbegu za Mngoni? Si nitaanza kukimbia vita? Nitaacha ngao njiani!" Alipiga ukingo wa kaburi kwa kiganja. "Tazama nyuso zao! Nimewapata wote! Mpaka daktari! Haya nipeni jogoo wangu nitoke, shimo lenu lina baridi."

Kicheko hakikuanza mara moja. Kilianzia kwa mtu mmoja kule nyuma, kikasita, kisha kikashuka mbele kama mvua inayokuja na upepo. Watu walicheka kwa shukrani. Walicheka wakishikana mabega. Katekista alicheka akaficha uso kwa kitabu, na Baba Mdogo Kastory alicheka huku analia, akirudia, "Mshenzi huyu! Mshenzi huyu!"

Mama Osmunda aliondoa kiganja chake kwenye kioo. Sikio likasema asante, likanyamaza.

Vijana wawili walimvuta Kikoti mpaka juu. Alisimama anajikung'uta udongo, mgongo umeinama kidogo, na kijana mmoja akamletea jogoo mwekundu mwenye miguu iliyofungwa kwa ugwe. Mtani alinyoosha mikono kumpokea. Vidole vilichelewa. Jogoo alimponyoka, akaangukia kifua, ugwe ukafunguka, na ndege akapita katikati ya miguu ya wafiwa akipiga kelele. Watoto walimkimbiza wakiangukiana. Kwa wengi huo ndio ulikuwa mzaha bora kuliko yote aliyowahi kufanya Kikoti, na ungesimuliwa kwa miaka. Yeye aliinama akicheka nao, mikono ameibana makwapani.

Sabina alimshika mama yake kiwiko.

"Mama. Umeiona mikono yake."

"Nimeiona."

"Muda upo. Hata sasa. Rudisha tu kiganja, useme."

Mama Osmunda aliwatazama watu wake, namna walivyokuwa wanahema na kujipangusa macho, wepesi kwa mara ya kwanza tangu jana. Kisha akamtazama Kikoti. Kikoti alikuwa anamtazama jogoo kwa bidii, na hakuinua macho kuelekea kwao hata kidogo.

"Ametupa njia," Mama alisema.

"Lakini si ya kweli."

"Najua si ya kweli, Sabina. Kila mtu hapa anajua." Alijifunga kanga yake upya kiunoni, akaikaza. Halafu akapaza sauti kwa wachimbaji.

"Shusheni."

Wanaume walisogea kushika kamba. Upande wa kichwa ulikuwa na nafasi ya mtu mmoja zaidi. Sabina alisimama hapo kitambo akingoja mtu aseme kitu, na alipoona hakuna anayesema, aliinama akaishika kamba pamoja nao, wakamshusha.